UZI: Nasoma uhandisi mitambo, najitolea visimani na nina kifaa natengeneza. Mnaouliza muda natoa wapi, karibuni hapa

Binti_wa_Kambini

Wakuu, habari za humu.

Juzi nilichangia kidogo kwenye uzi wa mtu, inboksi ikajaa. Wengi ni mabinti wa mwaka wa kwanza na wa pili, na swali lao ni lile lile: dada, masomo yale magumu, huku unajitolea vijijini, huku una kifaa mezani, muda unautoa wapi? Najibu hapa mara moja nisiendelee kurudia. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokulia. Mzee wangu alikuwa polisi, tumelelewa kota za Naguru, na kambini Mteso, Mnubi, Mwacholi na Msoga wakikutana ni Kiswahili tu.

Niko mwaka wa nne, Kampala hapa hapa. Chuo sitakitaja.

Tuanze na pampu, maana bila pampu mengine hayataeleweka. Vijiji vingi vya Uganda vina ile pampu ya mkono ya mpini mrefu wa chuma. Nyingi ni U2, ambayo ni India Mark II iliyopewa jina la huku, nyingine ni U3. Silinda ya U2 ina kipenyo cha milimita 63.5, na ukishusha mpini mpaka mwisho pistoni inapanda milimita 125. Fanya hesabu ya sekondari tu: kila mpigo ni kama lita 0.4. Maana yake jerikani ya lita 20 ijae kwa mipigo 50 na kidogo. Pampu ya kwenu ikidai mipigo 80, ama washa za raba kwenye pistoni zimelika ama bomba linavuja huko chini. Na hakuna atakayepiga kelele, kwa kuwa maji bado yanatoka.

Hesabu hiyo tuliifanya darasani mwaka wa pili, ikapita kama mazoezi mengine. Muda si mrefu nikaenda na kikundi cha kujitolea upande wa Tororo. Kisimani nikamkuta mama mmoja anapiga pampu, mtoto mgongoni. Nikawa nahesabu kimoyomoyo. Nilipita 90 na jerikani haijafika shingoni. Mama mwenyewe haoni ajabu, amezoea, anajua tu kwamba kisima hiki "kinachosha".

Tangu siku hiyo sijawahi kuwa na mambo matatu. Nina pampu. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni pampu. Intanshipu niliomba ofisi ya maji ya wilaya, nikawaacha wenzangu kwenye makampuni ya mjini, ambako wengine walimaliza kipindi chote wakitoa fotokopi. Nikijitolea, najitolea kwenye visima, sio kupanda miti Jumamosi hii, kufagia hospitali ile, na kugawa vitabu wiki ijayo. Miti ni mizuri, wapande wengine. Wanaochoka hapa chuoni nawaona ni wale waliosema ndiyo kila mahali, maana kila shughuli mpya inakuja na grupu lake la WhatsApp, kikao chake, tisheti yake na mchango wake.

Kuhusu kujitolea kwenyewe nisiwadanganye, kuna mtego. Siku ya kwanza wavulana walipewa spana, mimi na mwenzangu tukapewa daftari la kuandika majina na birika la chai. Hakuna aliyetuonea kwa makusudi, ndivyo watu walivyopanga akilini. Kisima kile kilikuwa na mita 45 za bomba, yaani vipande 15 vya mita tatu tatu, na kwenye U2 ukitaka kuifikia silinda lazima uvitoe vyote. Wanadhani ni kazi ya misuli. Kipande kimoja cha chuma ni kama kilo tisa, ila ukivuta unavuta msururu wote pamoja na fimbo zilizo ndani, na hata wao hawavuti peke yao: kuna kibano kinachoshika bomba kila linapopanda, wengine wanainua kwa pamoja, mmoja anakaza kibano. Huyo wa kibano ndiye mwenye kazi. Akilegeza kabla ya wakati, bomba linarudi kisimani na mtashinda hapo mkilivua kwa ndoano. Niliomba kibano. Fundi akanitazama, akanitazama tena, akanipa. Birika likapata mwenyewe mwingine.

Kifaa sasa. Ni kihesabio. Sumaku nilitoa kwenye spika mbovu, swichi mbili za sumaku, kioo kidogo cha tarakimu na betri. Kasha nilichomelewa na mafundi wa Katwe, hapa Kampala. Kinafungwa kwenye kichwa cha pampu na kinahesabu mipigo. Mlinzi wa kisima anaweka jerikani tupu, anabonyeza, anajaza, anasoma namba. Ikifika 65 anaita fundi kabla kisima hakijafa kabisa. Hakuna laini ya simu, hakuna programu. Nilikipeleka kwenye shindano moja la ubunifu na jaji wa kwanza akauliza, "Programu ya simu iko wapi?" Nikamjibu mlinzi wa kisima ana simu ya kitochi. Nikatoka bila kitu, ila chakula cha mchana kilikuwa kizuri.

Mashindano ndiyo yanayokula muda kuliko masomo na kujitolea vikichanganywa. Fomu, slaidi, video ya dakika tatu, kambi ya mafunzo ya siku kadhaa ambako mnafundishwa kuongea kuhusu kitu ambacho mngekuwa mnakitengeneza. Siku hizi naingia kwenye lile ambalo hata nikishindwa nitatoka na vipuri au na mtu anayejua kitu nisichokijua. Mengine napita.

Mitihani ikikaribia chuma cha kulehemu nampa rafiki yangu wa hosteli ya pili akae nacho, na ana ruhusa ya kuninyima. Ritek hapa hailipwi na tuzo. Ukianguka somo utalirudia na utalilipia, na walio nyuma yako watakukuta.

Fedha: wazazi wanalipa ada kwa kujinyima. Mfuko wangu natoa kwenye kuchorea watu michoro ya AutoCAD. Kwa hiyo kazi ni nne, wala sio tatu, na hiyo ya nne huwa haiandikwi kwenye makala za magazetini kuhusu "binti mbunifu".

Ulizeni.

KijanaWandegeya

Hongera dada, ila tuseme ukweli. Nyinyi mabinti mliongezewa pointi moja na nusu kuingia chuo, sasa hata mkihesabu mipigo ya pampu inakuwa uzi. Pili, ubunifu wa Uganda tunaujua: picha na cheki kubwa la karatasi, halafu kimya. Tatu, usijiite injinia kabla bodi ya usajili haijakupa namba.

Binti_wa_Kambini

Kaka, la tatu nakubali bila ubishi, ndiyo maana nimeandika "nasoma". Kuna watu wana "Eng." mbele ya jina tangu wiki ya kwanza ya chuo.

La kwanza: hizo pointi 1.5 zilianza mwaka 1990, na zinamfungulia binti geti, basi. Ukishaingia, karatasi ya thamodainamiki haijui jinsia yako. Mimi na wewe tulikalia kiti kile kile cha mtihani, na anayesahihisha anaona namba tu. Kama pointi zingetosha kukuvusha miaka minne tungekuwa tumejaa darasani. Nenda ukachungulie karakana ya mwaka wa nne uhesabu vichwa.

La pili una hoja, japo sio kimya chote. Matibabu, kile kifaa cha kupima malaria bila kutoboa kidole, kilimpa Brian Gitta tuzo ya uhandisi ya Africa Prize ya 2018, Mganda wa kwanza kuipata, pauni 25,000. Kabla yake kulikuwa na jaketi la Mama-Ope la kugundua nimonia, liliingia kwenye orodha ya tuzo hiyo hiyo 2017. Wengi mnamtaja Brian Turyabagye kama mbunifu wake. Lakini chanzo ni Olivia Koburongo, ambaye bibi yake aliugua, akazungushwa hospitali hadi hospitali kabla ya kugunduliwa kuwa ni nimonia, na bibi akafariki. Yeye ndiye aliyempelekea mwenzake wazo. Vifaa vya hospitali vinahitaji majaribio ya miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kumgusa mgonjwa, na pauni 25,000 kwa kazi hiyo ni nauli. Ukiona kimya usikimbilie kusema wamekula hela.

Mzee_wa_Malaba

Bwana Wandegeya, wewe mdogo. Winnie Byanyima unayemjua kwa siasa na Umoja wa Mataifa alisomea uhandisi wa ndege Manchester, akarudi akafanya kazi Uganda Airlines kabla ya kwenda msituni kupigana. Hapo pointi za nyongeza hazijazaliwa. Binti endelea.

Fundi_Soroti

Salaam mwanangu. Mimi ni fundi wa pampu za mkono huku Teso tangu hujazaliwa. Uliyosema kuhusu kibano ni kweli, nimefurahi. Ila nina maneno mawili.

La kwanza, hesabu yako ni ya mtu mzima anayepiga mpini mpaka chini. Visimani nusu ya wapigaji ni watoto. Mtoto wa miaka minane anapiga robo, anapiga nusu, ananing'inia kwenye mpini kama yuko kwenye bembea. Kihesabio chako kitasoma 120 na pampu ni nzima. Utaniita nifunge safari bure.

La pili ni kubwa. Pampu nyingi huku hazifi kwa washa. Zinaoza. Mabomba ya GI, ya chuma kilichopakwa zinki, yakikutana na maji yenye pH chini ya 6.5, yaani maji yenye asidi, zinki inaliwa kwanza, halafu chuma. Nimetoa bomba kisimani likanivunjikia mkononi kwenye nyuzi. Mwaka 2016 wizara ya maji ilisimamisha GI kwa visima vipya na vinavyokarabatiwa, watu watumie chuma cha pua au plastiki. Vizuri. Lakini yale ya zamani bado yako chini, na chuma cha pua bei yake kamati ya kijiji inaisikia kwenye redio tu. Sasa kifaa chako kinamwambia mlinzi pampu inaumwa. Anajua. Dawa ananunua nani?

Binti_wa_Kambini

Shikamoo mzee wangu, na asante, maoni kama haya ndiyo niliyoyatafuta kwenye shindano nikayakosa.

La watoto nimelishughulikia kiasi. Ndiyo maana swichi ni mbili, moja juu na moja chini ya safari ya mpini. Mpigo hauhesabiwi mpaka mpini upite zote. Mtoto akipiga nusu, kioo hakisogei. Shida inayobaki ni kwamba nusu mipigo nayo inatoa maji, kwa hiyo jerikani inajaa kabla ya hesabu na pampu mbovu inaonekana nzima. Ndiyo maana nataka kipimo kifanywe na mlinzi mwenyewe, mara moja kwa wiki, sio kila anayekuja kuchota.

La kuoza, nimeliona Tororo. Maji mekundu asubuhi, nguo nyeupe zinabadilika rangi, chai inakuwa nyeusi kama wino, basi watu wanarudi kwenye chemchemi ya wazi na kisima kinaachwa na pampu yake inayofanya kazi. Mzee, wewe unatofautishaje chuma cha ardhini na kutu ya bomba?

Fundi_Soroti

Kwa ndoo tu. Alfajiri kabla mtu hajagusa pampu, jaza ndoo ya kwanza, iweke pembeni. Acha watu wachote. Baada ya foleni kuisha jaza ndoo nyingine. Ya kwanza ikiwa nyekundu na ya pili safi, ni bomba: maji yamelala humo usiku kucha yakila chuma. Zote mbili zikiwa sawa, ni ardhi yenyewe, hata ukiweka bomba la dhahabu. Watu wa wilaya wakija na vipimo vyao hupata jibu lile lile, ila wanakuja na gari.

Binti_wa_Kambini

Hii inaingia kwenye ripoti yangu, na jina lako litakuwepo ukiruhusu.

Kuhusu nani ananunua dawa, huko sina la kujitapa. Kenya kule Kyuso, watafiti wa Oxford waliweka kifaa ndani ya mpini wa pampu kikawa kinatuma kwa ujumbe mfupi jinsi pampu inavyotumika, ikilala wajue. Kifaa kilifanya kazi. Lakini pampu zilipona haraka kwa sababu nyuma ya ujumbe kulikuwa na fundi anayelipwa kuja. Mimi nimeanza na kipande kidogo: kamati ikiona namba inapanda kutoka 52 hadi 58 hadi 65, inapata muda wa kuchangisha washa, na washa ni rahisi. Ikingoja pampu ife, mara nyingi inakuta vingi vimeharibika na fedha hakuna. Kwa mabomba yaliyooza kihesabio hakina msaada zaidi ya kuonyesha kwamba yanavuja.

Mama_Walukuba

Mwanangu, nimesoma yote mpaka mwisho. Nina binti yangu anataka uhandisi wa umeme na baba yake anasita, kwa hiyo nauliza kama mama. Hizo safari za vijijini mnalala wapi? Na nyumbani ukirudi likizo, nani anapika?

Binti_wa_Kambini

Mama, umeuliza yale ambayo hakuna jaji aliyewahi kuniuliza.

Kulala: siendi safari ambayo sijui nitalala wapi kabla ya kupanda gari, na siendi nikiwa msichana peke yangu. Tunalala kwa mwenyekiti wa LC, lile baraza la kijiji, au kwa mwalimu wa kike, na namba ya mwenyeji naiacha kwa mama. Kikundi kimoja kiliwahi kusema "tutapanga tukifika". Nilishusha begi langu.

Kupika: hapo nilipigana. Kaka zangu wawili wako nyumbani, na likizo ilikuwa inaisha mimi nikiwa jikoni wao wakiwa "wanasoma". Sikumgombeza mtu. Niliongea na mzee, nikamwonyesha tarehe za mradi. Mzee alikuwa polisi, anaelewa zamu. Akabandika karatasi ya zamu mlangoni mwa jikoni, jina kwa siku, na aliyekosa anajieleza kwake. Kaka yangu mkubwa sasa anapika posho (ugali) na maharage kunizidi. Mwambie baba wa binti kwamba umeme hauna tatizo, aangalie zamu za nyumbani.

Mama_Walukuba

Nimecheka. Hiyo karatasi naiandika leo.

Wakili_Mtaani

Dada, kabla hujaeleza zaidi, simama. Kitu kikishatangazwa hadharani unaweza kupoteza haki ya kukisajili, kwa sababu sheria inataka kiwe kipya. Swichi mbili juu na chini umeshazimwaga hapa. Nenda URSB, ofisi ya serikali ya usajili, uulizie cheti cha modeli ya matumizi, ni chepesi kuliko hataza (patent) kamili. Na soma fomu za mashindano, nyingine zina kifungu kinachowapa waandaaji haki usizodhani umezitoa.

Binti_wa_Kambini

Asante wakili. Hilo la fomu kila mtu alisome mara mbili, hasa maandishi madogo ya mwishoni.

Mengine nimeyafikiria na nimeamua kumwaga. Kifaa hiki kikifungiwa, nitakiuza kwa nani? Kamati inayokusanya elfu moja kwa kila nyumba kwa mwezi, na nusu ya nyumba hazilipi? Nataka fundi yeyote wa redio pale Mbale au Lira aweze kukitengeneza kwa kuona mchoro. Ingekuwa dawa au kifaa cha hospitali ningekuwa nimekaa kimya na wewe ungekuwa wakili wangu. Najua wengine humu mtaniona mjinga.

KijanaWandegeya

Mjinga sio, ila tajiri hutakuwa. Lile la Koburongo sikulijua, nimelitafuta, ni kweli. Pointi 1.5 bado tutabishana siku nyingine.

Nyota_ya_Arua

Dada, mimi mwaka wa kwanza, umeme. Sina kikundi, sina kifaa, sijui hata nianzie wapi. Wenzangu wameshaanza kuunda "startapu". Je, nimechelewa?

Binti_wa_Kambini

Mdogo wangu, mwaka wa kwanza huna la kubuni, na wanaounda hizo startapu wengi wana nembo kabla ya kitu. Muhula wa kwanza pita masomo. Hesabu na mekanika za mwaka wa kwanza zikikushinda zitakufuata mpaka wa tatu. Kipindi cha karakana cha mwisho wa mwaka kikifika, usiwaachie wavulana mashine ya kuchomelea. Jiandikishe wa kwanza kwenye foleni, mikono izoee.

Likizo ukiwa Arua usitafute kikundi. Tafuta tatizo moja la umeme lililo karibu na kwenu, kituo cha afya chenye sola iliyokufa kwa mfano, na fundi anayeitengeneza. Muombe umshikie tochi. Mafundi wengi hawakatai mtu wa kushika tochi. Andika kila kilichoharibika na kwa nini. Mara nyingi utakuta ni betri. Daftari hilo ndilo litakaloomba intanshipu kwa niaba yako. Na barua ya intanshipu ipeleke mwenyewe mkononi, mapema, kabla wenzako hawajakumbuka.

Fundi_Soroti

Binti, Desemba nina kisima cha kufungua huku, U2, mita 39. Leta hicho kihesabio tukijaribu kabla na baada ya kubadilisha washa. Kibano nitakupa wewe. Mwenyeji ni mwalimu mkuu na mkewe, chumba cha wageni kipo, namba nitakutumia inboksi umpe mama yako.

Binti_wa_Kambini

Nakuja mzee wangu, mitihani inaisha kabla ya hapo. Tutakuwa wasichana wawili. Mabomba ni GI bado?

Fundi_Soroti

GI. Njoo na glavu, kutu yake haitoki kwenye nguo.